Kerezo la Uani

Kuna swali ambalo kila aliyewahi kushika tupa na kipande cha chuma hulifikia, mapema au baadaye: rula ya kwanza iliyonyooka ilinyooshwa na nini? Ukitaka kujua kama ubao umenyooka, unauwekea rula. Ukiitilia shaka rula yenyewe, unaiwekea nyingine iliyo bora. Rudi nyuma hivyo, rula baada ya rula, na utafika mahali ambapo rula haikuwapo. Palikuwa na mtu, jiwe na chuma kilichopinda. Unyoofu uliingia duniani kwa mlango gani?

Wengi hujibu kwamba uliletwa na mashine kubwa za Ulaya. Jibu hilo linalisogeza swali hatua moja tu, maana mashine nayo ina kitanda kilichonyooka, na kitanda hicho hakikuota shambani. Jibu lenyewe ndilo linalonifanya niupende ufundi wa kukereza chuma kupita kazi nyingine zote za mikono ninazozijua: vitu sahihi vilizaliwa na vitu visivyo sahihi. Havikurithi usahihi kwa mzazi aliyekamilika. Vilichongwa, vikalinganishwa, vikachongwa tena, mpaka vikawapita waliovizaa.

Joseph Whitworth, fundi Mwingereza aliyezaliwa Stockport mwaka 1803, aliieleza njia hiyo mbele ya wanasayansi mjini Glasgow mwaka 1840. Chukua mabamba mawili ya chuma cha kusubu. Lipake moja rangi ya buluu, utando mwembamba kabisa, kisha lilaze juu ya lingine, lisugue kidogo, uliinue. Rangi itakuwa imehamia kwenye vilima peke yake. Mabonde yatabaki makavu. Vikwarue vilima kwa kikwaruzo cha mkono, futa, paka tena, linganisha tena. Siku itafika mabamba hayo yatagusana kila mahali, rangi ikitapakaa sawasawa uso mzima. Je, yamekuwa bapa? Bado huna hakika. Huenda moja lina tumbo na lingine lina bonde, na tumbo limelala bondeni bila kuacha nafasi.

Hapo ndipo linapoitwa bamba la tatu. Kama la kwanza lina tumbo na la pili lina bonde, la tatu likipatanishwa na la pili litatoka na tumbo. Sasa lilaze la tatu juu ya la kwanza: matumbo mawili yatagusana katikati na kuyumba, na uongo umefichuka. Ukiendelea kuyazungusha matatu hayo, kila moja likishuhudiwa na mengine mawili, hakuna umbo linaloweza kuyaridhisha yote isipokuwa ubapa. Mabamba matatu, rangi kidogo, kikwaruzo na mkono wenye subira. Hakuna hata kimoja kilichokuwa bapa mwanzoni, na mwishoni yote matatu ni bapa.

Whitworth mwenyewe aliwahi kufanya kazi London katika karakana ya Henry Maudslay, na huko mabamba ya kukagulia yaliwekwa kwenye meza za kazi ili kila fundi aipime kazi yake kabla ya kupimiwa na mwingine. Maudslay alizaliwa mwaka 1771, akaanza kazi utotoni katika ghala la silaha la Woolwich, akawa fundi wa Joseph Bramah, mtengenezaji wa makufuli. Mwaka 1797 aliomba kuongezewa mshahara wake wa shilingi 30 kwa wiki. Akakataliwa. Akaondoka kwenda kufungua karakana yake, na kerezo la kuchongea hesi alilolitengeneza yapata mwaka 1800 limehifadhiwa hadi leo katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi jijini London.

Tatizo la Maudslay lilikuwa lile lile la rula, ila limejiviringisha. Kerezo ni mashine inayozungusha kazi huku kisu kikiwa hakizunguki. Wakereza miti wa pwani yetu wamechonga miguu ya vitanda na viti kwa kuuzungusha mti kwa kamba ya upinde, patasi ikiwa mkononi. Kwenye kerezo la chuma kisu kimetoka mkononi, kimefungwa juu ya gari linalotambaa kwenye kitanda cha mashine, na gari hilo linavutwa na skrubu ndefu. Skrubu hiyo ikiwa na kasoro, kila hesi utakayoichonga itakuwa na kasoro hiyo hiyo. Basi skrubu ya kwanza iliyo njema itachongwa na nini? Maudslay aliweka kisu kwa mshazari dhidi ya kipande cha duara cha kitu laini kinachozunguka, kisu kikajivuta chenyewe na kuacha alama ya hesi. Hesi hiyo ilikuwa na makosa. Aliyatafuta, akayasahihisha, akatumia iliyosahihishwa kuchongea nyingine, na nyingine kuchongea nyingine.

Kutokana na skrubu kama hizo alitengeneza chombo cha kupimia ambacho wafanyakazi wake walikipachika cheo cha mkuu wa mahakama za Uingereza, kwa sababu kikishatoa hukumu hakuna pa kukata rufaa. Maikromita tunayoishika leo ni mjukuu wa chombo hicho. Ndani yake mna hesi: ukiizungusha mara moja inasogea nusu milimita, na duara lake limegawanywa sehemu 50, kwa hiyo kila kijistari ni 0.01 ya milimita. Kerezo likazaa skrubu, skrubu ikazaa kipimo, kipimo kikarudi kulisahihisha kerezo.

Haya yangebaki kuwa hadithi za makumbusho kama yasingeweza kutokea uani kwangu, Tanga, kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya kuku. Humo nimeweka kerezo dogo la kufunga mezani, aina ya Myford ML7, lililotengenezwa Beeston karibu na Nottingham, Uingereza. Linameza kazi yenye kipenyo cha inchi 7 na kuzungushwa na mota ya nusu nguvu farasi inayotosheka na umeme wa nyumbani. Kabla ya kunifikia lilikuwa kwenye karakana ya shamba la mkonge. Limechakaa pale ambapo makerezo yote huchakaa, karibu na taya zinazoshika kazi, maana huko ndiko gari linakoshinda. Pale kitanda kimelika, kisu kinashuka kidogo, na shafti inatoka nene upande mmoja kuliko mwingine.

Wenye mashine mpya watasema hiyo ni ya kutupa. Mimi nasema hiyo ndiyo inayofundisha. Kasoro inayojulikana si adui. Funga kipande cha chuma, kiachie mikanda miwili, mmoja karibu na taya na mwingine mbali, ikereze yote kwa kisu kile kile bila kugusa mpini wa kina, kisha pima vipenyo vyake. Tofauti ya vipenyo hivyo ni maungamo ya mashine. Ukishayasikia, utajua ni wapi uache kukereza, ni wapi upunguze mkono, ni wapi umalizie kwa tupa laini.

Kanuni ya kwanza ambayo kerezo hukufundisha ni ya mpangilio, wala haihitaji mashine mpya. Tuseme taya tatu zinazoshika kazi zimechakaa na hazikamati katikati kabisa. Labda zimepishana na kitovu kwa 0.1 ya milimita. Ukifunga kipande cha shaba ngumu, ukaikata pua yake, ukatoboa tundu, ukalipanua, kisha ukakereza ubavu wa nje, vyote bila kulegeza taya hata mara moja, tundu na ubavu vitakuwa na kitovu kimoja. Uchakavu wa taya hautaingia humo, kwa sababu kila kilichokatwa kilikatwa kikizunguka mhimili ule ule. Ukikitoa na kukigeuza tu, umeukaribisha upotofu ndani. Kwa hiyo fundi wa kerezo hutumia muda mwingi kufikiri kabla ya kuwasha mota: nianze na nini, nimalize na nini, nikishikie wapi ili nisilazimike kukishika tena.

Kanuni ya pili ni ya mchezo, ile pleyi ambayo kila skrubu iliyotumika inayo. Unazungusha mpini kurudi nyuma na kisu hakitembei. Nafasi iliyo kati ya hesi na nati yake inajazwa kwanza. Dawa yake ni kuliendea lengo kutoka upande mmoja siku zote. Umepita? Rudi nyuma kupita kiasi, kisha njoo tena mbele taratibu. Na ukifikiri umemaliza, pitisha kisu mara moja zaidi bila kuongeza kina. Utashangaa: chuma kitatoa uzi mwembamba kama ule wa buibui. Kazi ilikuwa imejikunja kidogo ikikwepa kisu, na sasa imerudi mahali pake kudai haki yake.

Tuchukue bushi ya pampu ya kisima, kazi ya kawaida ya uani. Shafti yake ni ya milimita 20, na nyumba ya bushi ina tundu la milimita 25. Bushi inapaswa kuingia ndani ya nyumba yake kwa kubanwa na isizunguke humo tena. Shafti inapaswa kuzunguka ndani ya bushi kwa uhuru, ikielea juu ya utando wa mafuta. Kwa macho, mambo hayo mawili hayatofautiani. Kwa kipimo, yapo mbalimbali kabisa. Katika majedwali ya kimataifa ya mafundi, tundu la 25 linaruhusiwa kuwa kati ya 25.000 na 25.021. Bushi ya kubana inapaswa kuwa kati ya 25.022 na 25.035: kubwa kuliko tundu lake, lakini kwa kiasi ambacho jiliwa linaweza kukisukuma. Ndani, shafti inahitaji nafasi kuanzia 0.02 hadi kama 0.06. Ikipungua, mafuta hayana pa kukaa. Ikizidi, pampu inaanza kugonga.

Karatasi ya daftari ina unene wa takriban 0.1. Igawanye mara kumi, na kipande kimojawapo ndicho kinachotenganisha bushi inayokaa na bushi inayochomoka. Jambo hili liliniduwaza nilipolielewa, na bado linanifurahisha: kwamba neno "inakaa", ambalo kila fundi wa gereji hulitamka bila kufikiri, lina namba ndani yake, na namba hiyo mkono unaweza kuifikia.

Ila mkono una ujanja mmoja wa kujifunza kwanza, nao ni joto. Vipimo vya uhandisi duniani kote huhesabiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Hiyo ndiyo kanuni namba 1 ya Shirika la Kimataifa la Viwango. Tanga mwezi Februari mchana haijui nyuzi 20. Chuma chenye urefu wa milimita 100 kikitoka 20 kwenda 32 kinarefuka kwa takriban 0.014. Hilo peke yake halina neno, kwa kuwa maikromita nayo ni ya chuma, imerefuka pamoja nacho. Taabu ni pale unapopima aluminiamu, ambayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma, au unapopima kitu kilichotoka kwenye kisu sasa hivi. Bushi yetu ya shaba ngumu ikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya maikromita, itasomeka kubwa kwa kama 0.013. Utaona namba nzuri, utaikata, utaiweka mezani, na ikipoa itakuwa imeshateleza nje ya kipimo cha kubana. Basi fundi wa pwani hukereza mpaka karibu, kisha huzima mashine na kuiacha kazi ipoe. Kusubiri huko ni sehemu ya kukata.

Na bushi ikishasukumwa ndani, tundu lake la kati hujibana kidogo. Kwa hiyo tundu hilo huachwa dogo kwa makusudi, likamaliziwa bushi ikiwa tayari nyumbani mwake. Hakuna anayeliona jambo hili kwa kuitazama pampu inapotoa maji. Limo humo tu.

Pwani yetu ina adui mwingine, kutu. Upepo wa bahari huleta chumvi, na uso wa chuma uliokwaruliwa kwa siku nzima unaweza kuamka na madoa mekundu. Ndiyo maana kila kazi huisha kwa kitambaa na mafuta: kitanda, skrubu, taya, maikromita. Na kila kazi huanza kwa sheria ambayo haina mjadala, kwamba ufunguo wa taya usiachwe mahali pake hata kwa nukta moja, maana mota ikiwashwa utaruka kama jiwe la kombeo. Mikono mirefu ya shati, glavu na mkufu shingoni havina nafasi mbele ya kitu kinachozunguka.

Wakati mwingine historia nzima ya nchi huingia kwenye gia moja. Kerezo langu ni la inchi: skrubu yake ndefu ina hesi 8 kwa inchi. Bolti ninazoletewa ni za milimita. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, na ukitafuta uwiano wa gia utakaoleta milimita kutoka kwenye inchi, utakutana na namba 127, ambayo haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Ili kuchonga hesi ya milimita bila kasoro unahitaji gia ya meno 127, kubwa kama sahani, ambayo kerezo dogo aghalabu halina. Mafundi wa zamani waligundua kwamba gia mbili ndogo, ya meno 37 na ya meno 47, zikisaidiana, hukaribia uwiano huo huo na kukosea kwa takriban sehemu mbili katika elfu kumi. Kwenye nati yenye urefu wa milimita 30, kosa hilo halifiki hata 0.01. Nati itaingia na hutajua.

Kazi yenyewe ina adabu yake. Unapochonga hesi ya milimita kwenye kerezo la inchi, hufungui nati inayolivuta gari mpaka umalize. Unarudisha mashine nyuma kwa mota, kisu kikiwa kimeondolewa, unaingia tena, unaongeza kina kidogo, unarudi tena. Ukiifungua njiani, kisu kitaingia mlango mwingine na kuzivuruga hesi zote. Mpaka hapo hesi ni mstari tu juu ya chuma. Kisha ni mfereji. Kisha unaijaribu nati, inagoma. Unapita mara moja zaidi, unaijaribu, na inaingia kwa vidole viwili, ikizunguka hadi mwisho bila kutikisika. Sijui raha nyingi za mikono zinazolingana na hiyo.

Mpaka sasa nimetaja pampu na bolti, mambo yenye faida. Nisiifiche sehemu isiyo na faida, maana ndiyo kiini cha jambo hili. Kwenye rafu yangu kuna injini ndogo ya hewa moto. Ukiiweka juu ya kikombe cha chai inayofuka, gurudumu lake huanza kuzunguka, na huzunguka mpaka chai ipoe. Kanuni yake ni ya Robert Stirling, mchungaji wa Uskochi aliyeipatia hataza mwaka 1816: hewa iliyofungiwa hupashwa moto ikatanuka, hupozwa ikasinyaa, na pistoni huisikiliza. Pistoni hiyo haina ringi wala mpira wa kuzuia hewa, na mafuta hayatakiwi, kwa kuwa unato wake ungeisimamisha injini yenye nguvu ndogo hivyo. Kinachoizuia hewa isivuje ni udogo wa nafasi iliyobaki kati ya pistoni na silinda. Ikaze kidogo, inakwama. Ilegeze kidogo, hewa inapita na gurudumu linasimama. Ishikilie wima, na pistoni inashuka ndani ya silinda polepole kwa uzito wake, ikiiomba hewa iipishe.

Bibi mmoja wa mtaa wetu aliikuta siku moja juu ya kikombe.

"Mwanangu, hiki kinafanya kazi gani?"

"Kinazunguka, bibi."

"Kinazungusha nini?"

"Hakizungushi kitu."

Akakitazama kitambo, akasema, "Basi kinacheza ngoma," akaondoka ameridhika kuliko wageni wangu wengi wenye elimu, ambao huuliza kwanza kinauzwa shilingi ngapi.

Uingereza swali la bei liliachwa mlangoni zamani. Jarida la mafundi wa nyumbani liitwalo The Model Engineer lilianzishwa na Percival Marshall mwaka 1898, na tangu hapo makarani, madaktari, walimu na wafanyakazi wa reli wamejifungia kwenye vibanda vya bustanini wakitengeneza garimoshi ndogo za mvuke zinazoweza kuvuta watu kwenye reli za viwanja vya burudani. Garimoshi moja huchukua miaka. Kila skrubu yake imekerezwa, kila silinda imepanuliwa kwa mkono, na hakuna aliyeiagiza. Viwanda kama Myford vilikua kwa kuwauzia watu hao makerezo ya ukubwa wa meza.

Ila aliyelijibu swali langu la rula kwa njia iliyo karibu nasi ni Mmarekani Dave Gingery, wa Springfield, Missouri, aliyeandika mfululizo wa vitabu vidogo vya kumfundisha mtu kujitengenezea karakana kwa chuma chakavu. Kitabu cha kwanza ni cha tanuri la mkaa la kuyeyushia aluminiamu. Cha pili ni cha kerezo, linalosubiwa kwenye mchanga kutokana na aluminiamu hiyo, likanyooshwa kwa kikwaruzo, na likaanza kutumika kutengeneza viungo vyake lenyewe kabla halijakamilika. Kutoka hapo kerezo huzaa mashine zinazofuata. Nilipokisoma niliwakumbuka wanaosubu sufuria Dar es Salaam na Nairobi: mkaa, feni, mchanga, aluminiamu ya injini zilizokufa. Nusu ya kwanza ya darasa la Gingery wanaifanya kila siku kwa riziki. Tanuri wanalo, mchanga wanaujua, mkono wanao. Kilichobaki kati yao na kerezo ni kikwaruzo, rangi ya buluu na mtu wa kuwaeleza habari za mabamba matatu.

Najua hoja itakayoletwa. Mashine za kompyuta leo hukata bushi mia moja kabla sijamaliza kuipoza moja, na zote zinafanana. Ni kweli. Anayetaka bushi mia moja aende huko. Lakini mashine hiyo ikikosea, anayeijua kompyuta peke yake hana la kufanya; anayejua kwa nini shafti imetoka nene upande mmoja ataitazama mashine ya aina yoyote na kujua pa kugusa. Isitoshe, vitu vingi vinavyoharibika kwetu haviharibiki mia mia. Huharibika kimoja kimoja: cherehani ya marehemu mama, kinu cha kijiji kimoja, pampu ambayo kiwanda chake kilifungwa zamani. Spea yake haipo dukani, na hakuna kiwanda kitakachowasha mashine kwa ajili ya kimoja. Kerezo la uani ndilo lenye hesabu ya kimoja.

Hoja ya pili ni ile ya wahenga, kwamba mchagua jembe si mkulima. Nimeipima methali hiyo miaka mingi mbele ya kerezo langu lililolika, na naiona kweli kwa upande usiozoeleka. Fundi wa chuma huchagua sana vifaa vyake. Hukilalamikia kisu, huinoa tena pembe yake, huitilia shaka hata maikromita. Lakini hangoji mpaka apate kilicho kamili ndipo aanze. Anaanza na alichonacho, anakijua kilivyo kombo, na anakitumia kutengenezea kilicho bora. Asiyekuwa mkulima ni yule aliyekaa akilisubiri jembe.

Tumelelewa tukiamini kwamba usahihi ni kitu kinacholetwa kwa meli, kimefungwa kwenye sanduku lenye nembo ya nchi nyingine, na kwamba sisi kazi yetu ni kukitumia mpaka kichakae. Chuma hakikubaliani na imani hiyo. Bamba la Whitworth halikuwa na utaifa. Lilikuwa na mabamba wenzake wawili na mtu asiyechoka kulinganisha. Kila aliyekwarua uso mmoja mpaka ukakubaliana na nyingine mbili amekiona mwenyewe kitu sahihi kikitoka mahali ambapo hakikuwapo, na baada ya hapo haambiwi tena kwamba lazima kiagizwe.

Ndiyo maana naumia nikiona makerezo ya karakana zilizofungwa, za mashamba, za reli na za bandari, yakipakiwa kwenye lori la vyuma chakavu na kuuzwa kwa kilo. Mwenye mizani huona uzito na kutu. Kitanda kilicholika kinaweza kukwaruliwa upya kwa mkono. Skrubu yenye pleyi inaweza kuchonga skrubu mpya ya kuchukua nafasi yake. Bushi za mhimili zinaweza kukerezwa na mashine ile ile ambayo zinakwenda kuishi ndani yake. Ni mashine chache za karakana zenye uwezo huo wa kujifufua. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwa kerezo methali hiyo ni maelezo ya kiufundi. Chuo cha ufundi, shule ya kata, au kijana mwenye chumba uani akilipata moja kwa bei ya chuma chakavu, amepata mashine inayoweza kutengeneza kilicho bora kuliko yenyewe. Kitakachobaki ni kumnunulia maikromita, kumpa mabaki ya chuma ya kutosha, na kumruhusu ayaharibu bila kuulizwa faida mpaka nati ya kwanza iingie kwa vidole viwili.